Tanga, unga, kanga, nanga: kina kinavyofanya kazi katika shairi

Anayeanza kutunga shairi la Kiswahili hufundishwa kwanza vina na mizani. Akishaweza kuhesabu silabi 16 na kuifunga mishororo yake kwa mlio mmoja, huamini kwamba kazi imekwisha. Ndiyo maana tunasoma tungo nyingi zilizotimiza kila sharti, nazo hazikuachii kitu moyoni. Wapo wanaozilaumu kanuni kwa hilo. Mimi naona kanuni zinaonewa, na njia ya kulionyesha hilo ni kuufungua ubeti mmoja tuone ndani yake kinatendeka nini.

Umbo linalojulikana zaidi ni la tarbia, yaani ubeti wa mishororo minne. Kila mshororo una mizani 16 na umegawika nusu kwa nusu: kipande cha kwanza, ukwapi, kina mizani 8, na cha pili, utao, kina 8. Kila kipande kina kina chake, kwa hiyo ubeti mmoja una kina cha kati na kina cha mwisho. Baina ya vipande hivyo kuna pumziko. Pumziko hilo lina maana kubwa, kwa sababu tungo hizi zilikuwa za kuimbwa na kughanwa kabla ya kuwa za kusomwa kimya, na mwimbaji lazima apate mahali pa kuvuta pumzi.

Mizani huhesabiwa kwa sikio. Neno “ngalawa” lina mizani tatu na “mbuzi” mbili. Lakini “mke” nalo lina mbili, kwa kuwa “m” hapo inatamkwa peke yake, na “nchi” ni vivyo hivyo. Anayehesabu herufi kwa macho hupotea hapa. Ajisomee kwa sauti.

Kanuni hizi zilikuwa vinywani na masikioni mwa watunzi muda mrefu kabla hazijawekwa kitabuni. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alizitumia kuimba vita, mapenzi, njaa na ugomvi wa mjini, na hakuna ushahidi kwamba alihitaji mwongozo ulioandikwa. Kaluta Amri Abedi ndiye aliyezipanga waziwazi katika “Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri”, kitabu kilichotoka mwaka 1954, na vizazi vya wanafunzi vikajifunza kutoka humo. Kitabu cha sheria kina faida kubwa, ila hakiwezi kumwambia msomaji ni kina kipi kizuri na kipi ni kujaza nafasi tu.

Hilo ndilo swali gumu, na ugumu wake unatokana na wepesi wa lugha yenyewe. Karibu maneno yote ya Kiswahili huishia kwa irabu, na viambishi vyetu ni ghala la vina vya bure. Ukitaka “-ni”, tia mahali popote: nyumbani, sokoni, kazini. Ukitaka “-na”, watu watapendana, watagombana, kisha watapatana. Ukitaka “-wa”, geuza kila kitenzi kiwe cha kutendwa. Nimetunga mishororo miwili kwa njia hiyo kwa makusudi:

Ninakwenda baharini, narudi tena nyumbani,
Samaki wamo kapuni, nawapeleka sokoni.

Hesabu, utaona mizani imetimia. Vina navyo havina kasoro. Hata hivyo mvuvi huyu hana sura, hana siku, hana shida. Maneno manne yanayobeba vina ni majina ya mahali tu, na yamekutana kwa sababu yote yamevaa “-ni”. Sarufi imetunga, mtunzi amekaa pembeni.

Sasa tumchukue mvuvi yuleyule na bahari ileile, ila tutafute vina ndani ya maneno yenyewe:

Bahari imechafuka, wimbi limepanda tanga,
Moto jikoni wawaka, chunguni hamna unga,
Mlango mke kashika, hasemi, akaza kanga,
Na jua limeshashuka, bado hajatia nanga.

Tazama kina cha mwisho. Tanga, unga, kanga, nanga. Vitu viwili ni vya chomboni na viwili ni vya nyumbani. Tanga na nanga viko kwa mume, unga na kanga viko kwa mke, na bahari iko katikati. Hakuna mshororo unaosema kwamba maisha ya watu hawa wawili yamefungamana, lakini sikio limekwisha kuyasikia yakifungamana, kwa sababu maneno ya upande huu yanalia sawa na ya upande ule. Hiyo ndiyo kazi ya kina. Huyakutanisha mambo ambayo akili ya kawaida ingeyaacha mbalimbali, na msomaji huukubali mkutano huo kabla hajaombwa kuukubali.

Kina cha kati ni vitenzi vitupu: imechafuka, wawaka, kashika, limeshashuka. Hapo nimetembea karibu na hatari niliyoitaja, kwa sababu “-ka” ni rahisi kupatikana. Kinachouokoa ubeti ni kwamba kila kitenzi kina mtendaji wake: bahari, moto, mke, jua. Ukwapi unasogeza mambo, utao unatuonyesha vitu. Ningetumia vitenzi pande zote mbili, ubeti ungekimbia bila kutua.

Mshororo wa tatu una ufundi mwingine. Katika nathari tungesema “mke ameshika mlango”. Kwa “kashika” tumepunguza mizani moja. Ufupishaji wa namna hii watunzi huuita inkisari. Kisha mpangilio umepinduliwa, mlango ukatangulia, jambo linaloitwa kuboronga sarufi, ingawa jina hilo lina ukali usiostahili. Ruhusa hizi huwa halali zinapoleta faida nyingine zaidi ya kukidhi hesabu. Hapa zimetupatia kina, na pia zimeufanya mlango uonekane kwanza, halafu aliyesimama hapo.

Na yule mke hatuambiwi kwamba ana hofu. Anakaza kanga. Mwandishi wa hadithi fupi atakuwa ameitambua mbinu hii, maana ndiyo anayoishi nayo: tendo dogo la mwili hubeba kile ambacho sentensi ya “aliogopa sana” ingekiua. Tofauti ni kwamba mwandishi wa hadithi ana ukurasa mzima wa kuliandaa tendo hilo, naye mshairi ana mizani 8.

Utenzi una hesabu nyingine. Mshororo wake ni wa mizani 8, na kina cha mshororo wa nne hurudi kila ubeti hadi mwisho wa utungo, hata ukiwa na mamia ya beti. Mtunzi wake hulazimika kuchagua kina chenye maneno mengi, hivyo kiambishi kinachomdhoofisha mtunzi wa tarbia kwake ni nyenzo halali. Nguvu ya utenzi iko katika mwendo wa kisa.

Miaka ya 1970 mambo haya yalizua mabishano makali. Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya “Kichomi” mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na wapo waliosema kwamba hayo si mashairi kamwe. Miaka imetoa jibu: Kezilahabi anasomwa na kufundishwa kama mshairi. Lakini shairi huru si shairi lililosamehewa kazi. Aliyeacha kina lazima apate sababu nyingine ya kuukata mshororo pale alipoukata, iwe takriri, iwe picha, iwe pumzi ya msemaji. Wengi wanaoukimbia urari leo hawajaitafuta sababu hiyo, na tungo zao ni nathari iliyokatwakatwa. Naziona dhaifu sawa na zile za “baharini, nyumbani, kapuni, sokoni”.

Basi wewe unayetunga, kabla hujaupeleka utungo wako gazetini au jukwaani, chukua karatasi nyingine uandike maneno ya vina peke yake, moja chini ya jingine, bila mishororo yake. Yasome. Ukiona ni viambishi vinavyoitana, rudi ukatunge upya. Ukiona vitu, watu na matendo yanayohusiana, ubeti huo upeleke.