Usiufiche Mninga kwa Rangi

Huenda nyumbani kwako imo meza iliyotoka kijijini. Tuseme ni meza ya mninga, iliyotengenezwa na fundi wa Malolo, wilayani Kilosa, ikapakiwa juu ya gari na kupita Mikumi hadi mjini unakofanyia kazi. Leo uso wake umechakaa. Vikombe vya chai vimeacha duara nyeupe, pembe zimebanduka, na mama watoto anashauri ipakwe rangi nzito au wapewe wenye kuni. Subirini kwanza. Wahenga walituasa tusitupe mbachao kwa msala upitao.

Mninga si mti wa kuchezea. Mbao zake hazishambuliwi kwa urahisi na mchwa, wala hazipindi ovyo zikishakauka. Uvunaji wake huhitaji kibali chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na mwaka 2022 mkutano wa CITES uliofanyika Panama uliiingiza miti ya jamii ya mninga ya Afrika katika orodha ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa hudhibitiwa. Basi meza ya zamani ni akiba ya familia.

Kabla hujanunua kopo lolote, yakupasa kujua meza ilipakwa nini. Chagua mahali pasipoonekana, kama vile chini ya ubao wa juu. Sugua kwa kitambaa chenye spiriti: uso ukilainika na kunata, hiyo ni shelaki. Usipolainika, jaribu tina: ukiyeyuka, hiyo ni laka. Ukikataa vyote viwili, yaelekea ni vanishi ya mafuta. Jaribio hili lina maana kubwa, kwa kuwa tina iliyomo katika laka mpya huweza kuikunja vanishi ya zamani iliyo chini yake kama ngozi ya mzee, na kazi yote ikaharibika.

Piga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, ukianza na namba 120 na kumalizia na namba 240. Futa vumbi lote, ndipo upake sila, yaani ile dawa ya kuziba vitundu vya mbao. Bila sila, mbao hunywa vanishi bila mpangilio, na uso hutoka na mabaka. Sila ikikauka, pitisha msasa laini tena.

Sasa chagua kwa kuangalia kazi ya samani yenyewe. Kabati la nguo latosheka na shelaki, ambayo hung'aa vizuri lakini huogopa maji, pombe na chungu cha moto. Meza ya chakula yataka vanishi ya poliyurethani, tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ikiachwa ikauke sawasawa. Laka hukauka upesi mno kwa brashi na moshi wake hushika moto. Mwachie fundi mwenye pampu. Rangi ya mafuta nayo ina mahali pake: stuli na rafu za mbao za paina, ambazo hazina urembo wa kuonyesha. Hata hapo, ziba kwanza vifundo kwa shelaki, la sivyo utomvu utapenya na kuacha madoa ya manjano.

Angalia pia majira. Wakati wa masika hewa hujaa unyevu, laka hugeuka nyeupe na vanishi huchelewa kukauka. Kiangazi ndicho kipindi chake. Waliokumbwa na mafuriko ya Kilosa ya Desemba 2009 na Januari 2010 wanajua jinsi maji yanavyoingia ndani ya mbao. Samani iliyolowa na ikauke kivulini kwa majuma kadhaa, kwani kuipaka mapema ni kuufungia unyevu ndani.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama, hasa kwa watoto. Kwa hiyo kitanda cha mtoto chenye rangi ya miaka mingi usikipige msasa mkavu. Kiloweshe, fanya kazi nje, funika pua na mdomo, na watoto wakae mbali. Unaponunua rangi mpya, soma kopo na utafute iliyoandikwa kuwa haina risasi. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya linsidi navyo usivirundike, maana huweza kujiwasha vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.

Ukifuata haya, Jumapili chache zatosha kuirudishia meza hadhi yake, na mwanao atakayekula juu yake atajua kuwa mninga wa Malolo haukufika mjini bure.