Sikio na Mtihani wa Kifaransa

Mtihani wa kusoma humngoja mtu. Akikwama penye neno gumu aweza kurudi nyuma, akalitazama tena, akalipima kwa maneno yaliyo jirani yake, na pengine akalifumbua. Na mtihani wa kuandika humngoja zaidi, kwani humo mtahiniwa ndiye achaguaye maneno, na lile asilolijua hulikwepa. Mtihani wa kusikiliza haungoji. Msimamizi hubonyeza kitufe, sauti ya mwanamke asiyeonekana hutoka katika spika iliyo juu ya meza, akasema jambo lake kwa mwendo uleule ambao angewaambia jamaa zake wa Lyon au Bordeaux, na punde si punde imekwisha. Na mtu aliyesoma Kifaransa miaka minne, anayejua kunyambua vitenzi vyake katika nyakati zote, hubaki kalamu i mkononi na karatasi i tupu, akijiuliza kama kweli lugha ile ndiyo aliyofundishwa.

Nimewafundisha vijana kwa ajili ya mtihani huu kwa miaka kadhaa hapa Unguja, wengi wao wakiwa watembeza watalii na watumishi wa mahoteli, na kabla ya kufundisha niliufanya mwenyewe. Nami naandika makala haya kwa kuwa nimewaona watu wenye akili na bidii wakianguka katika sehemu hii moja, si kwa uvivu, bali kwa kujitayarisha kwa njia isiyokuwa yake. Hukariri orodha za maneno. Huandika maneno mia kwa juma, wakayahifadhi barabara, na siku ya mtihani maneno yaleyale hupita masikioni mwao wala wasiyatambue, kwa sababu hayapiti mojamoja kama yalivyopangwa daftarini.

Mtihani ninaousema ni ule uitwao DELF, ulioanzishwa na serikali ya Ufaransa mwaka 1985, ambao leo husimamiwa na taasisi ya France Éducation international iliyoko Sèvres, karibu na Paris, na hufanywa katika vituo vingi vya dunia, hususan katika matawi ya Alliance Française kama yale ya Dar es Salaam na Nairobi. Una daraja nne, kuanzia A1 ya mwanafunzi mchanga hadi B2 ya mtu awezaye kujitegemea katika lugha, na kila daraja ina sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu ina alama 25, na mwenye kupata 50 katika 100 amefaulu. Lakini kuna sharti ambalo wengi hulisahau, nalo ni kwamba apataye chini ya 5 katika sehemu yoyote ameanguka, ijapokuwa jumla yake inatosha. Kwa hiyo mtu hawezi kulifidia sikio lake kwa ufundi wa kalamu. Sehemu ya kusikiliza huchukua kama dakika 20 katika daraja ya chini na kama nusu saa katika B2, na aipataye shahada ya mtihani huo huwa nayo umri wake wote, kwani haina muda wa kwisha.

Sasa tutazame taabu yenyewe inatoka wapi. Kiswahili ni lugha inayomhurumia msikilizaji. Irabu zetu ni tano, kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Neno huandikwa kama litamkwavyo. Na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hata sikio letu limezoea kuhesabu maneno kwa mkazo ule, kama mtu ashukaye ngazi gizani akizihesabu kwa miguu. Kifaransa hakina ngazi hizo. Mkazo wake hauko katika kila neno, bali mwishoni mwa fungu zima la maneno. Herufi nyingi huandikwa zisitamkwe. Na herufi iliyonyamaza mwishoni mwa neno huweza kufufuka pale neno lifuatalo linapoanza kwa irabu. *Les* peke yake haina sauti ya *s*. Iunge na *amis*, na mara husikia *lezami*, neno ambalo halimo katika kamusi yoyote, na mwanafunzi huanza kulitafuta akilini mwake ilhali msemaji yuko mbali.

Kijana mmoja, mtembeza watalii wa Mji Mkongwe, alinijia siku moja akiwa amekata tamaa. "Maalim," akasema, "hawa watu wanasema upesi mno." Nikamwambia, "Hawasemi upesi, mwanangu. Wanaunganisha. Ulipokuwa chuoni ukisoma Kurani, ulikuwa ukisimama mwisho wa kila neno?" Akatabasamu. "La, Maalim. Kuna pa kusimama na kuna pa kuunganisha."

Na hapo ndipo nilipo na jambo langu la kusema: kwamba mtoto wa pwani aliyepita chuoni, akaketi mkekani mbele ya mwalimu wake akifundishwa tajwidi, sikio lake limekwisha kutayarishwa kwa Kifaransa kuliko ajuavyo. Yeye anajua kuwa *ta marbuta* ukisimama juu yake husomwa *h*, na ukiunganisha husomwa *t*. Basi na *t* ya *petit* ni vivyo hivyo, hunyamaza mtu asimamapo, na husikika asemapo *petit ami*. Anajua idghamu, namna nuni iliyoandikwa inavyomezwa na herufi iifuatayo. Anajua ikhfaa na ghunna, ile sauti ibakiayo puani ulimi usipoitamka nuni kwa ukamilifu. Na irabu za Kifaransa zipitazo puani, ambazo huwatesa watu wengi, si mbali na hiyo ghunna, tofauti ikiwa kwamba Mfaransa anazo kadhaa na kila moja humpa maana nyingine: *banc* ni benchi, *bain* ni kuoga, *bon* ni kitu chema. Sidai kwamba elimu hizi mbili ni moja, wala sizilinganishi kwa hadhi. Nasema tu kwamba ile tabia ya kutotarajia neno lifike masikioni kama lilivyoandikwa, ambayo ndiyo ngumu kuliko yote kumfundisha mtu mzima, huyu anayo tangu utotoni.

Naye asiyepita chuoni asihuzunike, kwani Kiswahili chenyewe cha mdomoni hufanya hayo. Mwana wangu huwa *mwanangu*, baba yake huwa *babake*, na mtu akiambiwa *nshakula* hangoji kusikia "nimekwisha kula" ndipo afahamu. Mfaransa naye haandiki kama asemavyo: *je ne sais pas* mdomoni mwake huwa kama *shepa*, na *il y a* huwa *ya*. Hususan lile neno dogo *ne*, ambalo vitabu vyetu vyasema ndilo la kukanushia, katika mazungumzo huachwa kabisa, na mzigo wote wa kukanusha ukabebwa na neno lifuatalo kitenzi. Hivyo mtu akisema *y en a plus*, maana yake hutegemea sauti moja tu: akitamka *s* ya mwisho, kitu kipo kwa wingi zaidi, asipoitamka, kitu kimekwisha. Kadhalika *ils ont* ni "wanacho" na *ils sont* ni "wao ni", na kilichozitenga ni *z* na *s* tu. Mswahili hana udhuru hapa, kwa maana tangu alipoanza kusema anajua kwamba *zana* si *sana*.

Lakini kuna mtego mmoja ambao ni wetu sisi peke yetu, nao ni saa. Yule kijana nilimsikilizisha tangazo la bandarini ambamo ilisemwa kwamba boti itaondoka *à six heures*. Alisikia vizuri, hata ile *x* iliyogeuka *z* mbele ya irabu haikumbabaisha, wala hakuichanganya na *dix heures*, ambayo hutofautiana nayo kwa herufi ya kwanza tu. Kisha pembeni ya karatasi akaandika kwa Kiswahili "saa sita", na alipofika kwenye majibu matatu, alfajiri, adhuhuri na usiku, akatia alama penye adhuhuri. Sikio lilifaulu, kalamu ikaangusha. Saa sita ya Mfaransa ni saa kumi na mbili yetu ya alfajiri, na adhuhuri yake ni *midi*, au *douze heures*. Jioni ikifika, yeye huendelea kuhesabu mpaka *dix-huit heures*, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili ya magharibi. Tangu siku hiyo nimewakataza wanafunzi wangu kuandika neno saa ndani ya chumba cha mtihani. Waandike tarakimu na herufi *h* kando yake, basi, na hesabu ya Kiswahili waiache nje ya mlango.

Hesabu nazo zataka hadhari. Mfaransa akitaka kusema 97 husema "ishirini nne na kumi na saba", na mwanafunzi mwenye papara huwa amekwisha kuandika 80 kabla msemaji hajamaliza. Dawa yake ni kuizuia kalamu kila lisikikapo *quatre-vingt* mpaka namba yote ipite. Wenzetu wa Bukavu na Goma, kama walivyo wa Bujumbura, wamerithi kwa Wabelgiji *septante* kwa 70 na *nonante* kwa 90, hesabu nyepesi zaidi, na kwa sababu hiyo huenda wakahitaji mazoezi zaidi ya *soixante-dix*, ile 70 ya Wafaransa, kuliko sisi ambao hatukuwa na desturi yoyote.

Nikiulizwa mtu ajitayarishe vipi, jibu langu ni moja, nalo ni imla. Sisemi ile imla ya mwalimu anayesoma polepole akirudia, bali imla ya sauti iliyorekodiwa, yenye maandishi yake. Redio ya RFI hutoa kila siku taarifa ya habari ya dakika 10 iitwayo *Journal en français facile*, iliyo katika lugha nyepesi, pamoja na matini yake katika intaneti. Nayo TV5MONDE ina masomo yaliyopangwa kwa daraja za mtihani. Chagua dakika moja tu. Isikilize mara mbili bila kuandika, ukitafuta nani anasema, kwa nani, na kwa ajili gani. Kisha sikiliza sentensi baada ya sentensi ukiandika kila ulichosikia, hata kama ni upuuzi, maana upuuzi huo ndio dira yako. Ndipo ufungue matini, na kila mahali ulipokosea uulize kilichokukosesha: je, ni neno usilolijua, au ni neno ulijualo lililoungana na jirani yake? Nimeona mara nyingi kwamba makosa mengi ni ya namna ya pili, na ugunduzi huo peke yake humwondolea mtu nusu ya hofu. Mwishowe usome kwa sauti pamoja na msemaji, ukimfuata kwa pumzi na kwa kiimbo, kwani sauti ambayo kinywa chako hakijapata kuitoa, sikio lako huikataa. Dakika moja ya sauti itakuchukua nusu saa ya kazi, na nusu saa kila siku kwa miezi mitatu ni bora kuliko kukesha siku tano kabla ya mtihani.

Wala mtu asione haya kwa makosa ya imla, kwa maana Wafaransa wenyewe husimulia kwamba mwaka 1857 mwandishi Prosper Mérimée aliwasomea imla watu wa nyumba ya mfalme Napoleon III, mfalme akakosea mara 75, na aliyeshinda wote kwa makosa 3 tu ni mgeni, Metternich, mwanadiplomasia wa Austria.

Siku ya mtihani kuna mambo machache. Maswali husomwa kabla sauti haijaanza, na muda huo ni mali: piga mstari chini ya neno linaloulizwa, ni mahali, ni sababu au ni rai ya mtu. Maswali aghalabu hufuata mpangilio wa maneno ya msemaji; basi ukipitwa na moja, liache, ushike lifuatalo, kwani anayesimama kulia juu ya swali la tatu hupoteza na la nne na la tano. Jihadhari na jibu lenye maneno yaleyale uliyoyasikia, kwa kuwa jibu la kweli mara nyingi huja limevaa maneno mengine. Na msemaji akitaja neno la namna ya "lakini", kama *mais*, au *pourtant*, au *en revanche*, tega sikio zaidi, maana yaliyotangulia huenda yalikuwa maneno ya watu wengine, na yake yanaanza sasa. Katika B2 yako mazungumzo mafupi yasikilizwayo mara moja tu, na hapo hakuna nafasi ya kuandika sana. Ni kusikia na kuchagua.

Yule kijana aliufanya mtihani mara ya kwanza akapata 4 katika kusikiliza, akaanguka kwa alama moja, ingawa jumla yake ilipita 50. Alikaa siku kadhaa bila kuja kwangu. Aliporudi alikuja na daftari jipya, tukaanza imla, dakika moja kwa siku.

Jioni moja, majuma machache kabla ya kurudia mtihani, tulikuwa Forodhani tunakunywa maji ya miwa. Mtalii mmoja mzee alisimama mbele ya muuza urojo, akachungulia sufuriani, akasema kwa sauti ya chini, *Y en a plus?* Muuzaji akamtazama tu. Kijana wangu aligeuza shingo, akanyamaza kidogo kama aisikilizaye ile sauti mara ya pili, kisha akamwambia muuzaji, "Anauliza kama umekwisha."