Kijana wa Kiume Mlangoni pa Duka

Si nadra, katika mitaa ya Kariakoo, kuona karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha duka la nguo au vipodozi, imeandikwa kwa kalamu nene, "Anahitajika msichana wa kuuza duka", na kijana wa kiume, ajapokuwa hodari wa hesabu na mwenye kauli njema, akaisoma na kwenda zake pasi na kuulizwa hata jina. Wenye maduka hutoa hoja kwamba mwanamke ni mwaminifu zaidi na huvuta wateja. Lakini uaminifu ni tabia ya mtu, wala haufuati jinsia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, yakataza ubaguzi wa jinsia, na himaya yake humfikia hata mwombaji kazi. Yaruhusu kuchagua pale asili ya kazi yenyewe inapolazimu, na kuuza nguo au vipodozi hakumo humo. Dhulma hii humdhuru mwanamke pia, kwa kuwa aajiriwaye kwa sura hathaminiwi kwa akili yake. Insafu yataka tangazo litaje ujuzi, na kila mwombaji asikilizwe.