Tuta la Udongo Linataka Macho Yetu



Kila mvua zikikaribia, maneno huwa mengi bombani na kwenye foleni ya mgao. Ndugu zetu wa Uvira hawajasahau Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, watu wakafa na maelfu wakabaki bila nyumba. Basi swali linarudi lile lile: mbona wasijenge tuta kubwa la udongo kule juu, maji yazuiwe, nasi tulale usingizi?

Swali ni zuri. Ila tuta linaleta usalama na linaleta kazi pia. Tuanze na usalama.

KAZI YAKE NI NINI?

Bwawa la kuzuia mafuriko si la kuweka maji ya kunywa. Faida yake ni ile nafasi tupu iliyo ndani. Mvua kubwa ikipiga milimani, maji hushuka yote kwa pamoja. Bwawa linayapokea, kisha linayaachia kidogo kidogo kwa njia ya chini, mto uyabebe bila kupanda majumbani. Ni kama mlango mwembamba wa mahali pa mgao: watu ni wale wale, ila hawaingii kwa kukanyagana.

Kwa hiyo bwawa lililojaa matope, au lililoachwa limejaa maji siku zote, halina pa kupokea mafuriko. Na kila bwawa lina kipimo chake. Mvua ikizidi kipimo hicho, maji lazima yawe na njia pembeni ya kupitia, njia iliyojengwa kwa mawe au zege. Yakipita juu ya tuta lenyewe, yanaukata udongo, na tuta linakwenda.

HABARI YA DERNA

Mji wa Derna, nchini Libya, uko kwenye mdomo wa bonde ambalo siku nyingi ni kavu. Miaka ya 1970 yalijengwa mabwawa mawili ya udongo na mawe, moja kama kilomita 13 juu ya mji, lenye kimo cha karibu mita 75, na jingine dogo karibu na nyumba za watu. Mwaka 1986 mafuriko makubwa yalikuja, mabwawa yakasimama, mji ukapona. Watu wakajenga hadi kando ya bonde. Nani angeogopa?

Lakini miaka ilipita, vita vikaja, matengenezo yakakwama. Mwaka 2022 mtaalamu wa chuo kikuu cha Omar Al-Mukhtar aliandika kwamba mabwawa yale yanahitaji kutengenezwa haraka. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023, dhoruba iliyoitwa Daniel ilileta mvua isiyo ya kawaida. Bwawa la juu lilivunjika, la chini nalo likafuata. Maelfu ya watu walikufa, wengi wakabebwa hadi baharini. Kabla ya hapo wengine walikuwa wameambiwa wahame, wengine wakaambiwa wakae ndani. Mwezi wa 7 mwaka 2024 mahakama iliwahukumu maofisa 12 kifungo. Lakini hukumu hairudishi mtoto.

DALILI HUJA KWANZA

Sasa tazameni bwawa la Teton, jimbo la Idaho, Marekani. Nalo lilikuwa la udongo, kimo chake zaidi ya mita 90. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976 wafanyakazi waliona maji ya matope yakivuja. Habari zikatolewa, watu wa chini wakahamishwa. Kabla ya saa sita mchana bwawa lilikuwa limebomoka. Miji iliharibika vibaya, lakini waliokufa walikuwa 11. Saa zile chache ziliokoa maelfu.

Kumbe rangi ya maji inasema. Maji kidogo, safi, yanayochuruzika chini ya tuta, si lazima yawe balaa, ila yaangaliwe. Yakiongezeka au yakiwa na matope, maana yake udongo wa ndani unatoka, na tuta linaliwa tumboni huku nje linaonekana zima.

SISI WENYEWE TUFANYE NINI?

Ikiwa mnaishi chini ya tuta au bwawa la udongo, hata dogo:

1. Tusichimbe udongo wa tofali kwenye tuta, wala tusikate majani yanayoushika udongo wake.
2. Mbuzi na ng'ombe wasipitishwe juu. Njia yao huwa mfereji wakati wa mvua.
3. Mashimo ya panya, nyufa, mahali palipobonyea, miti inayoota juu: mwambieni kiongozi wa bloku siku hiyo hiyo.
4. Njia ya maji ya ziada isizibwe kwa takataka, wala mtu asijenge hapo.
5. Kila familia ijue mapema kilima cha kukimbilia, na nani atambeba bibi, nani atawashika watoto. Msingoje kuona maji.

Tusieneze uvumi, maana mkisema "limevunjika" mara tatu bure, mara ya nne hakuna atakayeamka. Lakini mwenye kuona maji ya matope asione haya kupiga kelele, hata akiwa mtoto.

Wazazi, jioni ya leo ongeeni na watoto wenu habari ya kile kilima. Tukijaliwa, tuonane mwezi ujao.