Pua ya Ng'ombe Haina Pacha

Mshike ng'ombe kichwa, mfute unyevu puani kwa kitambaa, mpake wino kidogo, kisha mbandike karatasi. Itatoka ramani ya vinundu na mifereji ambayo huikuti kwa ng'ombe mwingine, hata waliozaliwa na mama mmoja. Mtafiti W. E. Petersen wa Minnesota, Marekani, aliandika juu ya njia hiyo mwaka 1922, na vyama vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa vikaitumia kusajili mifugo yao.

Kabla ya hapo swali kubwa lilikuwa moja: huyu ni wa nani? Michoro ya makaburi ya Misri ya kale inaonyesha ng'ombe wakipigwa chapa ya moto. Wamaasai nao wana chapa za koo na mikato ya masikio. Aliyepotea, chapa humrudisha kwao. Lakini mia moja wenye chapa ileile haiwatofautishi. Hiyo ni kazi ya jicho la mchungaji, ambaye huwajua kwa rangi, pembe na mwendo, na sijaona chombo cha kumshinda akiwa malishoni.

Moto pia huharibu ngozi, nayo ngozi ni pesa. Mwaka 1966 Keith Farrell, pia wa Marekani, alitangaza chapa ya baridi: chuma kilichopozwa mno huua seli za rangi, na pale kilipogusa manyoya huota meupe.

Kisha ikaja hereni ya kielektroniki. Haina betri, mawimbi ya kifaa cha kusomea ndiyo huiamsha, nayo hutaja namba yake ya tarakimu 15. Mara nyingi tatu za mwanzo ni za nchi: Tanzania ni 834, Kenya 404. Tanzania ilitunga sheria ya utambuzi wa mifugo mwaka 2010, na hereni hizo zikafuata. Ila hereni hunasa kwenye miiba, na mwizi anahitaji kisu tu. Hata mwenye ng'ombe anaweza kuivua, akadai bima kwamba mnyama kafa, kumbe yumo zizini anatafuna.

Ndiyo maana pua imerudi, safari hii bila wino: simu huipiga picha, programu ikailinganisha na ya siku ya usajili. Anayesumbua ni ng'ombe mwenyewe, kwa kuwa hatulii, pua ina tope, na kila ukikaribia kubonyeza anailamba.