Kuvu Katika Ngozi Si Majaliwa

Kila masika yanapoingia wilayani Kilosa, kuanzia Machi hadi Mei, lalamiko moja husikika katika nyumba nyingi. Kiatu kilichowekwa chini ya kitanda kikiwa kizima hutolewa baada ya wiki mbili kimefunikwa na manyoya meupe au ya kijani. Mkanda, mkoba, ala ya sime, ngozi ya ngoma na jalada la msahafu hupatwa na hayo hayo. Mwenye mali hukikung'uta kitu chake, hukipaka mafuta na kukirudisha pale pale. Baada ya siku chache kuvu imerudi. Mwishowe kitu hutupwa, na husemwa kwamba ngozi za hapa kwetu ni dhaifu, au kwamba ndivyo ilivyoandikwa.

Safu hii haikubaliani na kauli hiyo. Kuvu ina sababu zake, na sababu zikijulikana huweza kuondolewa. Mwananchi wa Mabwerebwere ana uwezo wa kuilinda mali yake kwa vitu vilivyomo nyumbani mwake, mradi aelewe anapigana na nini.

Kuvu ni kiumbe hai. Vijimbegu vyake havionekani kwa macho, navyo vimo katika hewa ya kila chumba wakati wote, kiangazi na masika. Haviwezi kumea mpaka vipate mambo matatu: chakula, joto na unyevu. Chakula ni mafuta yaliyotiwa katika ngozi wakati wa kuitengeneza, pamoja na jasho na uchafu wa mwili. Joto tunalo mwaka mzima. Linalobaki ni unyevu, na hapo ndipo pa kupigania. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 70 kwa siku kadhaa, na hewa ikawa imetulia bila kupita, kuvu humea. Ukishuka chini ya hapo, vijimbegu hubaki vimelala.

Hewa ya chumba haina unyevu sawa kila mahali. Sakafu ya udongo hupandisha maji kutoka ardhini. Ukuta wa nje hupoa usiku, na hewa iliyougusa huwa nzito kwa maji. Sanduku lililofungwa, kadhalika mfuko wa plastiki, huhifadhi ndani yake unyevu wote ulioingia pamoja na kiatu. Kwa hiyo mtu anayekifunga kiatu chake katika plastiki ili kukikinga amekijengea kuvu nyumba. Kitu cha ngozi yafaa kitundikwe au kiwekwe juu ya rafu ya fito, mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, mahali panapopita upepo. Sanduku likilazimu kutumika, lifunguliwe kila siku ya jua, na ndani yake viwekwe vipande vya mkaa mkavu, navyo vibadilishwe mara kwa mara, kwa sababu mkaa ulioloa haunyonyi tena.

Kiatu kilicholoa mvua hakina budi kukaushwa kabla ya kuhifadhiwa. Kijazwe karatasi za gazeti, karatasi zibadilishwe zinapoloa, kisha kiachwe kivulini penye upepo. Wengi hukosea hapa kwa haraka: hukiweka kiatu karibu na mafiga au kwenye jua kali la mchana. Moto huikunja ngozi na kuifanya iwe ngumu kama ubao. Jua kali hukausha mafuta yake mpaka ikapasuka. Jua la asubuhi kwa muda mfupi halina madhara. Zaidi ya hapo, upepo ndio dawa.

Ikiwa kuvu imekwisha kuota, kazi ifanywe kwa utaratibu. Kitu kitolewe nje ya nyumba, mbali na vitu vingine vya ngozi, kisuguliwe kwa burashi kavu. Mwenye kufanya kazi hiyo afunge pua na mdomo kwa kitambaa, hasa ikiwa ana pumu, kwa kuwa vijimbegu vinavyoruka huchokoza kifua. Kisha achanganye spiriti na maji kwa kiasi sawa, aloweshe kitambaa kidogo, akikamue, na apanguse. Ajaribu kwanza sehemu isiyoonekana, maana rangi nyingine huchujuka. Asiye na spiriti atumie siki iliyochanganywa na maji. Mafuta ya taa na dawa ya kung'arishia nguo visitumike, kwa sababu huharibu ngozi yenyewe. Baada ya hapo kitu kikaushwe kivulini mpaka kikauke kabisa, ndipo kipakwe dawa ya viatu au nta kidogo. Rafu na sanduku navyo vipanguswe, la sivyo maradhi yatarudi kutoka pale yalipokuwa.

Neno "kidogo" lizingatiwe. Yapo mazoea ya kupaka ngozi samli, mafuta ya nazi au ya karanga kwa wingi ili ing'ae. Mafuta ya kula yaliyozidi ni chakula cha kuvu, tena huchacha na kunuka. Vile vile mtu asidanganywe kupaka viatu sumu za shambani. Hata viwandani, sumu ya pentaklorofeno iliyotumika kwa miaka mingi kuzuia kuvu iliorodheshwa mwaka 2015 katika Mkataba wa Stockholm miongoni mwa kemikali za kukomeshwa duniani, kwa madhara yake kwa binadamu na mazingira. Kitu kinachogusa ngozi ya mtoto mchana kutwa hakifai kupakwa sumu.

Yapo na yanayozidi ukubwa wa kiatu kimoja. Kilosa ni wilaya ya wakulima na wafugaji. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanachinjwa kila siku, na kila mnyama anaacha ngozi. Ngozi mbichi isipotiwa chumvi au kuwambwa upesi, huanza kuoza kwa saa chache tu katika joto letu, na ngozi iliyoanikwa chini kwenye matope haifai kitu. Wazee walikwisha tuambia kwamba ngozi huvutwa ingali mbichi. Mfugaji aliyemlea ng'ombe kwa miaka mingi, akavumilia ukame na ugomvi wa malisho, hupata nyama na kuipoteza ngozi. Mshonaji naye anayetengeneza makubazi mazuri hupoteza wateja wake katika masika ya kwanza, nao huenda kununua viatu vya plastiki au katambuga za matairi, kwa sababu mpira hauoti kuvu. Hivyo kuvu huwanyang'anya riziki watu wawili wasiofahamiana.

Mkoa wetu wa Morogoro una funzo lake katika jambo hili. Kiwanda cha Viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikakusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, asilimia 80 ya jozi hizo ziuzwe Ulaya. Kuta zake zilikuwa za alumini, na jengo halikuwa na mfumo wa kupitisha hewa katika nchi yenye joto kama hii. Hakikupata kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Sababu za kuanguka kwake zilikuwa nyingi, na si haki kuzibebesha zote jengo. Hata hivyo, kiwanda kilichojengwa bila kuiuliza hali ya hewa ya mahali kilikuwa kimeanza vibaya. Siku hizi juhudi mpya zipo, kama kiwanda cha ngozi cha Karanga mjini Moshi kilichozinduliwa mwaka 2020. Juhudi hizo zitahitaji ngozi safi kutoka vijijini. Kiwanda hakiwezi kuirudishia ngozi ubora uliopotea machinjioni.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kuanza na kile tulicho nacho. Tulicho nacho ni mifugo, mafundi, miti ya kujengea na upepo. Banda la kukaushia ngozi halihitaji mkopo kutoka ng'ambo. Linahitaji paa, fremu za fito za kuwambia, sakafu iliyoinuliwa na pande zilizo wazi. Serikali za vijiji zina uwezo wa kulijenga karibu na kila machinjio kwa nguvu za wananchi. Maafisa ugani wa mifugo wana wajibu wa kuwaonyesha wachinjaji namna ya kuchuna bila kutoboa, na wafugaji namna ya kupiga alama za moto mahali pasipoharibu ngozi. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, ndiyo mahali pa mafundi wetu kudai mafunzo. Viongozi wa mashina nao wasione ni jambo dogo kulizungumza hili katika mikutano yao, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mshonaji naye ana wajibu kwa mnunuzi. Auzapo kubazi au mkoba, amweleze jinsi ya kuutunza wakati wa mvua. Maneno machache ya ukweli yatamrudisha mteja masika yajayo, kuliko sifa nyingi za bidhaa itakayoota manyoya.

Ndugu wananchi, mvua ni neema, wala hakuna anayeomba isinyeshe. Tunachotakiwa kufanya ni kuinua rafu kutoka sakafuni, kufungua dirisha jua linapotoka, na kujenga banda lenye hewa karibu na machinjio. Kazi hiyo ianze kabla wingu la Machi halijatanda.