Fahamu: Hifadhidata za spektra za tungamo na tofauti zake

Katika mkonge unaolimwa Mnazi, wilayani Lushoto, nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kwenye maji na makapi yanayobaki kuna hekojenini, malighafi ya dawa za steroidi. Mkemia huitambuaje?

Ni nini?

Spektrometa huvunja molekuli na kupima tungamo la vipande vyake. Mpangilio wa vipande hivyo, yaani spektra, hulinganishwa na rekodi zilizohifadhiwa kwenye hifadhidata, kama polisi walinganishavyo alama za vidole.

Zinatofautianaje?

Hifadhidata ya taasisi ya NIST ya Marekani huuzwa, na ni hodari kwa kemikali zinazogeuka mvuke. MassBank, iliyoanzia Japani, na GNPS ya California ni bure. GNPS huelemea zaidi kemikali za mimea na vijidudu, na kwa utafiti wa mkonge huo ni msaada mkubwa.

Kwa nini tofauti hizo ni muhimu?

Hifadhidata haiwezi kutaja isichonacho, na milima ya Usambara, huko Lushoto, ina mimea isiyoota kwingine duniani.

Tatizo jingine ni kemikali pacha. Tigojenini na neotigojenini, ndugu za hekojenini, zina fomula moja na spektra zinazokaribiana mno. Hapo alama za juu za ulinganifu hazitoshi: mkemia huhitaji sampuli safi ya kila moja, azipime kwa mashine ileile.